Spurs 2025-26: tatizo ni nafasi wazi uwanjani

Mashabiki wa San Antonio Spurs, timu ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, wamegawanyika: wengine wanaiona timu kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, wengine wanasema vijana bado wabichi. Mimi nina matumaini, kwa sharti moja.

Msimu wa 2024-25 uliisha kwa ushindi 34 na vipigo 48. Nyota wetu Victor Wembanyama alicheza mechi 46 tu, kisha damu ikaganda kwenye mshipa wa bega la kulia. Akiwepo huzuia karibu mitupo minne kwa mechi, na wengi hawathubutu hata kuingia chini ya kikapu. Safari hii Luke Kornet, mchezaji mwingine wa kati, yupo wa kumpumzisha.

Shida iko kwenye ushambuliaji. Waongoza mpira wetu De'Aaron Fox, Stephon Castle na Dylan Harper, aliyechaguliwa wa 2 kwenye uteuzi wa chipukizi wa NBA mwaka 2025, wote hupenda kuanza na mpira mkononi, na hakuna anayetisha kwa pointi tatu. Castle msimu huo alifunga chini ya asilimia 29 ya mitupo yake ya pointi tatu. Kwa hiyo beki wake humwacha, hurudi kujaza eneo la kikapu, Wembanyama anazingirwa na watu watatu, pasi inachelewa na sekunde 24 za kutupa mpira zinayoyoma.

Kocha Mitch Johnson awachezeshe wawili kati ya hao kwa pamoja, kamwe si watatu, na pembeni wasimame Devin Vassell na Julian Champagnie wanaojua kutupa kutoka mbali. Castle asigande kwenye kona. Akate kuelekea kikapuni kila beki anapogeuza macho. Harper aanzie benchi, dakika 20 hivi. Zaidi ya hapo tutamharakisha bure.