Nilivyopanda Kilimanjaro na ubuyu mfukoni

Nianze na jino. Gego langu la chini, upande wa kulia, lilibanduka kizibo saa tisa usiku juu ya kambi ya Barafu, mita 5,000 na ushee, nikiwa nimevaa soksi jozi tatu na sijui vidole vyangu viko wapi. Mhalifu ni baa ya kuongeza nguvu. Niliinunua Dar kwa shilingi elfu tisa, au elfu kumi, sikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilinunua kumi na mbili.

Ofisini kwetu kuna kaka mmoja aliyewahi kupanda mara moja akaishia Stella Point, kabla ya kilele cha Uhuru, na tangu siku hiyo amekuwa profesa wa mlima. Yeye ndiye aliyeniambia, "Dada, achana na mambo yako ya kashata. Kule juu watu wanakula hizi." Basi kule juu hizi haziliki. Zikipigwa na baridi ya chini ya sifuri zinakuwa tofali. Unaing'ata, nayo inakung'ata.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, na mlima niliouzoea ni ngazi za ofisini lifti ikiharibika. Kwa hiyo kikundi chetu kilipoamua kwenda Kilimanjaro, tulijipima kwanza Usambara: Lushoto mpaka Mtae, siku nne, kila mtu na begi lake. Huko ndiko nilikopata aibu ya kwanza. Nilipika kashata za nazi karibu kilo mbili, iliki ya kutosha, rangi nyeupe na ya waridi, nikazipanga kwenye kopo la plastiki kama za harusi. Siku ya kwanza, kwenye msitu wa Magamba, nilikuwa malkia. Kila tukipumzika naambiwa, "Mama kashata, fungua duka." Tulipofika Lukozi zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Asubuhi ya tatu, Rangwi, nikafungua kopo mbele ya watu na harufu ikatoka kabla ya kashata. Nazi imechacha! Nilikuwa nimezifungia kopo zikiwa bado vuguvugu, halafu zikashinda mgongoni na jua siku mbili. Mpaka Mtae nilikula peasi za kununua njiani, na jina likabadilika, nikawa Mama Kichachu.

Nilipomsimulia shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, ya nazi ni ya kunywea kahawa jioni barazani. Ya safari ni ya karanga. Nani alikufundisha kupika?" Alinifundisha yeye, lakini sikumjibu.

Ya karanga haina siri, ila usitie maji hata tone. Sukari iyeyuke yenyewe kwa moto mdogo, na ikifika rangi ya chai ya rangi tupa karanga zilizokaangwa, koroga upesi, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Mimi naibamiza kwa kifimbo cha chapati iwe nyembamba kama biskuti, kwa sababu ikiwa nene ndiyo yale yale ya tofali. Ikate ikiwa moto, vipande vya saizi ya kidole gumba. Ikishapoa kabisa (kabisa, nimejifunza) funga kila kipande kwenye karatasi ya kuokea. Zile nilizopika mwanzoni mwa mwezi wa pili tulizila mlimani baada ya wiki mbili, na zilikuwa zinavunjika kwa mlio.

Profesa akaja na hesabu: eti tende zinatosha, kwa nini nibebe vitu vya mafuta. Nikamwambia kinyume chake. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 550, tende ni kama nusu ya hapo, na kila gramu atakayeibeba ni mgumu ambaye naye ana mgongo. (Wapagazi wa kule wanajiita wagumu, na ukiwaona wanavyokupita na mzigo kichwani utakubali.) Mgeni tulipewa kikomo cha kilo 15 za begi, pamoja na mkoba wa kulalia. Vitafunwa vyangu vilikula kilo mbili na nusu. Tende nilibeba, ila kidogo, nimezitoa kokwa na kuziba karanga ndani.

Bisi usibebe. Kila ukifika kambini alasiri unakuta zinakungoja na chai, na baada ya siku tatu utazichukia. Chokoleti ziliyeyuka kwenye msitu wa chini siku ya kwanza, zikaganda siku ya tatu zikiwa na umbo la mfuko wangu wa suruali. Rafiki yetu wa Bukoba alileta senene wa kukaanga, chumvi na pilipili kidogo, na nilikuwa nimeapa sitowala maisha yangu. Nilikula robo ya kopo. Tangawizi kavu iliyopakwa sukari ni nzuri tumbo likichafuka. Na kunguru! Kule kuna kunguru wakubwa wenye kola nyeupe shingoni, wezi waliokubuhu. Pale kwenye mwamba wa Lava Tower mmoja alinichukulia kashata kutoka kwenye goti, akaenda jiweni akaifungua karatasi kwa ustaarabu kuliko mwanangu.

Sasa nije kwenye faluda, na hapa naomba nijisifu.

Wazo lilinijia jikoni kwangu. Faluda ya chaina grasi, ule unga wa mwani wa kugandishia, haihitaji friji, wengi tunaiweka kwenye friji kwa sababu Tanga kuna joto. Ikishachemka inaganda yenyewe ikipoa. Mlimani barafu ipo bure, ni friji isiyolipiwa umeme. Nikachanganya nyumbani, vikavu: unga wa chaina grasi vijiko vitatu vya chai, maziwa ya unga ya kutosha lita moja, sukari, iliki ya kusaga. Ule unga lazima uuchanganye kwanza na sukari, ukiumwaga peke yake kwenye maji unafanya madonge kama ugali wa mtoto. Nikaufunga kwenye bahasha ya kaki, na kichupa kidogo cha arki ya waridi nikakitia ndani ya soksi.

Jioni ya pili tukawa kambi ya Shira, mita 3,800 hivi. Nikamwendea mpishi kwa adabu zote, maana jiko la mtu ni ufalme wake. "Kaka, shikamoo ya jiko lako. Naomba sufuria moja na moto wa nusu saa." Akaniangalia. Akaniangalia tena. Akanipa.

Kumbe nilikuwa nimesahau jambo moja. Juu kule maji yanachemka mapema, kama nyuzi 87 tu badala ya 100, ndiyo maana maharage hayaivi. Na chaina grasi inataka moto hasa ndiyo iyeyuke. Dakika tano zikapita, mapovu tele, lakini nikiinua kijiko naona chembechembe kama mchanga. Dakika kumi, chembechembe. Wagumu wawili wamekuja kusimama mlangoni mwa hema. Mpishi akauliza polepole, "Dada, unapika gundi?" Wakacheka mpaka hema likatikisika. Nikafunika sufuria, nikapunguza moto, nikawa nakoroga nafunika, nakoroga nafunika, na bismillahi juu yake. Kwenye dakika ya kumi na tano au ishirini chembe zikapotea, kijiko kikatoka laini kimevaa maziwa. Nikatia arki matone manne. Harufu ya waridi katikati ya yale mawe na vumbi! Mmoja wa wale wagumu akasema, "Hapa pananukia bibi harusi."

Nikaimimina kwenye vikombe vya bati, nikavipanga nje juu ya jiwe, nikavifunika sinia na kuweka mawe juu kwa ajili ya wale wezi wenye kola. Baada ya chakula cha usiku, hata saa moja haijaisha, nikageuza kikombe cha kwanza kwenye sahani mbele ya watu. Ikatoka nzima, ikatetemeka, ikatulia. Tulikuwa watu sita na waongozaji wawili, nikamwita na mpishi. Hakuna aliyesema neno mpaka vijiko vilipogonga bati. Kisha mpishi akauliza ule unga unauzwa wapi Moshi. Nikamwambia aulize maduka ya Wahindi, na nikamwachia bahasha ya pili. Laiti ningebeba tatu.

Usijaribu Barafu. Kule juu zaidi moto hautoshi na wewe mwenyewe huna hamu. Kwangu hamu ilikufa kabisa tulipofika kambi ya Karanga. Jina la kambi lenyewe karanga, na mimi nikiziona kashata zangu nataka kutapika. Sukari tupu ilinichefua, wali ukanichefua, hata chai. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mpole, lakini kila jioni anakuja na kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni na maswali yake: kichwa? usingizi? unakohoa? Akatueleza wazi kwamba ukikohoa mate yenye povu la rangi ya waridi au damu, hiyo ni maji kwenye mapafu, hakuna mjadala, unashuka hapo hapo hata kama ni usiku.

Shikeni hilo.

Tulianza kupanda saa sita usiku. Nilikuwa na baa mbili za profesa mfuko wa nje, na kwenye mfuko wa ndani, karibu na kifua, kichupa cha dawa chenye mdomo mpana kimejaa ubuyu. Ubuyu mkavu wa kumung'unya, si ule wa rojo. Niliutia dakika ya mwisho, wa shilingi elfu tatu, kwa ajili ya hamu tu. Saa tisa ikatokea ile ajali ya jino. Nikatema kipande cha baa na kipande cha kizibo kwenye glavu, nikavitazama kwa taa ya kichwani, nikataka kulia. Ndipo nikakumbuka ubuyu.

Nikatia mbegu mbili shavu la kushoto. Jamani. Kinywa kilichokuwa kikavu kama karatasi kwa kuhema kikajaa mate. Ukakasi na uchachu ukafuta kile kichefuchefu, sukari ikafuata nyuma kidogo kidogo, pilipili ikanikumbusha kwamba nina ulimi. Huutafuni, hivyo hauhitaji pumzi. Haugandi, maana hauna maji. Nikawa nahesabu: mbegu mbili mpaka kona ile, mbegu mbili mpaka kona inayofuata. Kokwa sikutupa, hifadhi hairuhusu taka na mimi nina malezi. Nilizikusanya kwenye soksi ya mwanangu niliyoibeba kama kumbukumbu. Nilipanda hivyo saa tatu na nusu.

Stella Point tulifika jua linachomoza. Nikakaa chini, nikakohoa kidogo kwa vumbi, nikatema. Pembeni ya kiatu changu, juu ya barafu nyeupe kabisa, doa jekundu.

Mwongozaji aliliona kabla yangu. Akaangalia doa, akaangalia midomo yangu, akaangalia glavu zangu, nazo nyekundu. Sijawahi kuona mtu mweusi akipauka namna ile. "Dada, umekohoa damu?" Nikajaribu kujibu lakini nina mbegu mbili mdomoni na shavu limevimba kwa jino. Ikatoka, "Mmbuu." Akanishika mkono. "Tunashuka. Sasa hivi. Usiongee." Uhuru ilikuwa mbele yangu, mita 150 hivi za kupanda zimebaki, naiona kwa macho, na huyu kijana tayari ameshanigeuza kuelekea Barafu na anamwita mwenzake achukue begi langu!

Nikamng'ang'ania koti. Nikatoa kichupa, mikono inatetemeka, nikamimina mbegu kwenye kiganja chake. Akazikodolea. Akainusa moja. Akaitia mdomoni. Tukasimama pale wawili, upepo unavuma, yeye anamung'unya huku amenikazia macho kama daktari. Kisha akatoa ulimi na kuutazama kwa kioo cha simu. Mwekundu.

Hata hivyo alinipima kidole, akanisikiliza kifua, akanikohoza mara tatu ndipo akaniruhusu. Namheshimu kwa hilo. Uhuru nilifika saa moja na dakika kadhaa, mita 5,895, na kwenye picha yangu chini ya lile bango ninaonekana nimepaka rangi ya mdomo. Watu wananiuliza ni ya kampuni gani.

Jino lilinigharimu laki moja na kitu. Baa kumi zilizobaki nilimrudishia profesa kwa nusu bei.

Siku ya pili yake tukatoka geti la Mweka. Wengine wanapanga foleni ya vyeti, wagumu wanapimisha mifuko ya taka, mimi naitafuta ile soksi ya mwanangu nitoe kokwa. Kichupa cha ubuyu kilikuwa kimetoweka tangu asubuhi kwenye begi dogo. Nikageuka, nikamwona mwongozaji amekaa juu ya mzigo, miguu ameinyoosha, shavu limetuna, midomo imeiva.

Nikamwendea taratibu, nikamshika bega.

"Kaka, umekohoa damu?"