Novemba Mezani: Nyamapori ya Kiingereza Katika Pabu ya Fulham

Mtu anayetaka kula nyamapori ya Uingereza ikiwa katika ubora wake hana budi kuangalia kalenda kwanza, kisha ndipo aulizie nauli ya ndege. Safari yangu ya London niliipanga Novemba kwa makusudi, kwa kuwa huo ndio mwezi ambao misimu karibu yote ya uwindaji huwa imekutana. Grausi, ndege wa nyanda za juu za Skoti na kaskazini mwa England, huanza kuwindwa tarehe 12 Agosti na hafungwi hadi 10 Desemba. Kwale huruhusiwa tangu 1 Septemba na fezanti, ndege mwenye mkia mrefu, tangu 1 Oktoba, na wote wawili huendelea hadi 1 Februari. Nao majike wa ayala, mnyama wa porini anayefanana na swala, ambao sheria huwalinda wanapozaa na kunyonyesha, hufunguliwa nchini England tarehe 1 Novemba. Atakayefika Mei atakula vizuri pia, lakini mengi kati ya hayo hatayaona.

Pabu niliyoikusudia ni The Harwood Arms, iliyoko Walham Grove, mtaa wa Fulham, magharibi mwa London. Nilifuatana na binamu yangu anayeishi Reading, ambaye alikuwa ameshika nafasi ya meza mapema, jambo ninalomshauri kila mtu alifanye. Tulipanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya District hadi kituo cha Fulham Broadway, kile kile wanachoshukia mashabiki wa Chelsea wanaokwenda Stamford Bridge, kwa hiyo ni busara kukagua ratiba ya ligi kabla ya kuchagua siku. Kutoka hapo tulitembea dakika chache tu kwenye mitaa ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, baridi ikitung'ata masikio, mpaka tukaiona pabu yenyewe, ambayo kwa nje haina lolote la kumtambia mpita njia.

Pabu za Kiingereza kwa muda mrefu zilikuwa mahali pa bia na vitafunwa vya kusindikizia bia. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1991, David Eyre na Mike Belben walipoichukua pabu ya The Eagle, eneo la Farringdon jijini London, na kuthibitisha kwamba chakula cha kiwango cha juu kinaweza kupikwa na kuliwa pale pale penye kaunta ya bia. Harwood Arms ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyo: mwaka 2010 ikawa pabu ya kwanza ya London kupewa nyota ya Michelin, tuzo ya mwongozo maarufu wa mikahawa kutoka Ufaransa, na mmoja wa watu walio nyuma yake ni Brett Graham, mpishi mzaliwa wa Australia ambaye mgahawa wake mwingine, The Ledbury wa Notting Hill, ulipata nyota ya tatu mwaka 2024. Hata hivyo, ndani hapana ule ukimya wa mikahawa mikubwa unaomfanya mgeni aogope kugonganisha uma na sahani. Meza ni za mbao tupu, watu wanacheka, na wahudumu wanaeleza chakula kwa namna ya mtu anayekijua na kukipenda.

Tulianza na kitafunwa kilichoipatia pabu hii umaarufu, yaani yai la Kiskoti lililovikwa nyama ya ayala. Aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa hatakishangaa, maana ni ndugu wa egichopu zetu za mikahawani: yai, nyama ya kusaga, chenga za mkate, mafuta ya moto. Tofauti iko kwenye yai. Nilipopitisha kisu, ganda la nje lilivunjika kwa sauti, chini yake nyama ilikuwa imeiva na bado ina unyevu, kisha kiini kikaanza kutoka polepole, kizito, chenye rangi ya chungwa iliyokolea, kikaifikia chumvi ya mabonge iliyonyunyizwa juu. Kulipika hivyo kunadai mkono uliotulia: yai huchemshwa kwa dakika chache tu na kupozwa haraka, humenywa lingali laini, huvikwa nyama bila kupasuka, kisha hutumbukizwa mafutani kwa muda unaotosha kuivisha nyama lakini usiotosha kugandisha kiini. Nilikula kimya, na sikutaka kumegeana na mtu.

Kwetu nyamapori ni jambo la kusemwa kwa tahadhari. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni na imeweka kanuni za bucha maalumu, lakini anayekutwa na paja la swala bila karatasi huwa na kesi ya kujibu. Nilitaka sana kuelewa ni kwa nini Waingereza wanaila nyama hii waziwazi, tena kwa fahari. Sehemu ya jibu ni kwamba wao pia walipita huko. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia England mwaka 1066, wafalme wao waliyatenga mapori makubwa kwa ajili ya uwindaji wao, na mwananchi aliyethubutu kuua ayala wa mfalme aliadhibiwa vikali. Kwa karne nyingi haki ya kuwinda ilifungamana na umiliki wa ardhi, hadi sheria ya mwaka 1831 ilipomruhusu mtu mwenye cheti kuwinda hata kama hana mashamba makubwa. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayoweka misimu ya ndege hao nchini England hadi leo, na imekataza kuwawinda Jumapili na siku ya Krismasi.

Sehemu ya pili ya jibu ni ayala wenyewe, mnyama ambaye wengi wetu tulikutana naye katika Zaburi ya 42 tu. Visiwa vya Uingereza vina aina sita za ayala wa porini, na kati ya hizo mbili pekee, ayala mwekundu na yule mdogo aitwaye roe, ni wenyeji wa asili. Ayala wa madoa waliletwa na Wanormani, naye muntjaki, mfupi kama mbwa wa kadiri, alitoka China na kuenea kutoka bustani ya Woburn katika karne ya 20. Mbwamwitu na linksi, paka mkubwa wa porini, waliokuwa wakiwapunguza walitoweka kitambo, na sasa makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni ayala takribani milioni 2, wanaotafuna miche kiasi cha kuuzuia msitu usijizalishe. Kwa hiyo mwindaji atapunguza idadi yao kila mwaka, pabu iwepo isiwepo, na kwa maoni yangu ni heshima kubwa zaidi kwa mnyama huyo kupikwa kwa ustadi namna hii kuliko kutupwa.

Mlo mkuu niliochagua ulikuwa mnofu wa ayala wa madoa uliookwa, ukiambatana na bitiruti na mchuzi mzito uliochemshwa kutoka kwenye mifupa. Vipande vililetwa vikiwa vyekundu katikati, na najua wasomaji wangu wengi watakunja uso, kwa kuwa sisi nyama tunataka iive hadi ndani. Lakini nyama hii haina mafuta yanayopita katikati ya minofu kama ya ng'ombe aliyenoneshwa. Ikizidishiwa moto kidogo tu, hukauka. Ilikuwa laini, na ladha yake ilikuwa nzito na safi, bila ile harufu kali niliyokuwa nimeitarajia. Bitiruti, kwa utamu wake wa udongoni, iliendana nayo vizuri kuliko mchuzi.

Binamu aliagiza kwale, naye mhudumu akatuonya kwamba ndege hupigwa kwa bunduki ya marisawa na huenda chembe moja ikabaki. Kweli, haikuchukua muda akaitoa mdomoni punje moja ya kijivu, akaiweka ukingoni mwa sahani. "Dada, huyu hakufugwa bandani," akasema, na akaendelea kula. Fezanti nilimpita kwa makusudi. Makumi ya mamilioni ya vifaranga wake hukuzwa na kuachiliwa kila mwaka ili wapigwe bunduki, na kwangu mimi huo ni ufugaji uliovaa nguo za uwindaji. Grausi ndiye kinyume chake, kwani hafugiki kwa ajili hiyo, na hukulia porini akila machipukizi ya vichaka vya nyanda zake.

Msomaji Mwislamu ajue mapema kwamba wanyama hawa hupigwa risasi na si kuchinjwa, kwamba wapishi wengi huchanganya nyama ya ayala na ya nguruwe ili isikauke, na kwamba divai huingia katika michuzi mingi. Ni vyema kulieleza jambo hilo wakati wa kushika nafasi na kuulizia samaki au mboga.

Kitindamlo hakikunikaa sana akilini. Kilichonikaa ni orodha ya vyakula yenyewe, kwa kuwa wiki chache baadaye grausi angeondolewa, na baada ya 1 Februari kwale angemfuata. Atakayefika Machi atawahi ayala majike kabla hawajafungwa tarehe 31; wa Julai ataulizia dume la roe, ambalo huwindwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba; na muntjaki, kwa kuwa huzaa mwaka mzima na hakuwekewa msimu wa kufungwa, anaweza kupatikana mwezi wowote.