Ukumbi wa Taifa, ufunguo wa nani?

Jumamosi nilikwenda kutazama mchezo Kenya National Theatre, ukumbi wa taifa wa maigizo jijini Nairobi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa wastani. Mwigizaji mkuu alimeza nusu ya maneno yake. Nilichorudi nacho nyumbani ni mawazo kuhusu jengo.

Lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Yaani huku watu wanakamatwa, kule wakubwa wa serikali ya kikoloni wanavaa suti kwenda kutazama michezo ya kwao. Na uhuru ulipokuja mambo hayakugeuka upesi. Mwaka 1976, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walipotaka kuonyesha mchezo wao kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilibidi wavutane na usimamizi kwa sababu ratiba ilikuwa imewapa nafasi makundi ya kigeni. Wakaambulia siku chache. Fikiria: Kimathi anaombewa nafasi katika ukumbi wa taifa lake!

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Februari 1982. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua, walifika na mchezo wao wa Kikuyu, Maitũ Njugĩra. Wakakuta milango imefungwa na polisi wako pale. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo ya barabara, wakaendelea na mazoezi. Watu wakafurika kuyatazama mpaka yakapigwa marufuku. Mwezi uliofuata, ukumbi wao wa wazi kijijini ukabomolewa.

Shangazi yangu alikuwa mwanafunzi chuoni wakati huo na alisimama dirishani kutazama mazoezi hayo, maana ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Tangu hapo hajaingia National Theatre. Nilimwambia kwamba ulikarabatiwa, ukafunguliwa upya Septemba 2015 na Rais Uhuru Kenyatta, kwamba taa na viti ni vipya, na kwamba siku hizi Kikuyu, Kiluo na Sheng husikika jukwaani bila mtu kushtuka. Akaniuliza kodi ya ukumbi ni pesa ngapi, na kama kikundi cha vijana wa Limuru wasio na mfadhili kingeimudu. Nikakosa jibu. Naona swali lake linapita ukarabati wote: kufuli si lazima iwe ya chuma.

Hata hivyo nimemshawishi. Mwezi ujao tutakwenda pamoja, kwa sharti tiketi nilipe mimi na tukae karibu na mlango.