Pango la miaka mitatu: nilivyorudi kazini baada ya miaka minane nyumbani

Swali nililoliogopa halikuulizwa. Wiki mbili nzima kabla ya usaili wa kazi ya uhasibu nilikuwa nikijifunza kueleza miaka minane niliyokaa nyumbani na watoto: kwa nini niliacha kazi, kwa nini sikurudi mapema, kwa nini sasa. Maneno yale niliyapanga hadi nikajua wapi pa kushusha pumzi. Kumbe waliokaa mezani walitaka kujua jambo jingine kabisa. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza: "Tukipanga ofisi kwa mkataba wa miaka mitatu, utaliingizaje pango hilo vitabuni?"

Nilijibu upesi na kwa furaha, maana hilo nililijua. Kodi ya mwezi ni gharama ya mwezi huo, nikasema. Kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni, haionekani, isipokuwa kama imelipwa mbele au kuna malimbikizo. Alinyamaza kidogo, kana kwamba ananipa nafasi ya kuongeza neno. Sikuongeza. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, tukaendelea na mengine.

Ilikuwa 2023. Jibu lile lilikuwa sahihi nilipoacha kazi mwishoni mwa 2014. Lakini tangu Januari 1, 2019, kampuni inayofuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS) haiwezi tena kuliandika pango la miaka mitatu hivyo. Huingia kwenye mizania pande zote mbili: haki ya kulitumia jengo ni mali, na kodi zitakazolipwa ni deni. Niliyasoma hayo usiku ule ule, watoto wamelala, na nililia. Kukataliwa nilikuwa nimekwisha kukutarajia. Kilichoniuma ni kwamba nilijibu kwa uhakika kabisa kitu kilichokwisha kubadilika miaka minne nyuma, wala hakukuwa na chochote ndani yangu kilichonionya.

Tangu nilipoanza kusema kwamba nataka kurudi kazini, kila aliyenipenda aliniambia jambo moja: jiamini. Mume wangu alisema, dada yangu alisema. Nawashukuru, walikuwa wananitakia mema. Lakini siku ile nilijiamini, na kujiamini hakukunisaidia. Nilichokosa ni habari. Nilikuwa kama mtu aliyesafiri muda mrefu akarudi akitumia ramani ya zamani: miguu yake ni mizima, ila daraja limehamishwa.

Kesho yake nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa chache, nikagawa ukurasa katikati. Upande mmoja niliandika kilichobadilika tangu niondoke. Upande wa pili, kilichobaki vile vile. Kazi ile ilinichukua siku nne, na naamini ndiyo siku nne zilizonisaidia kuliko zote.

Upande wa mabadiliko ulikuwa mfupi kuliko nilivyohofia. IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018, ilileta hatua tano za kuamua ni lini mapato yahesabiwe kuwa yamepatikana. IFRS 9, ya tarehe hiyo hiyo, ilibadilisha namna ya kuhesabu madeni mabaya: zamani tulisubiri dalili kwamba mdaiwa ameshindwa, sasa hasara inayotarajiwa inawekwa tangu mwanzo. Kisha IFRS 16 ya pango, ile iliyoniangusha. Na Excel, programu ya majedwali, ilikuwa imesonga mbele. Kuna XLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu ndani ya jedwali, ambayo mimi sikuwahi kuiona, na Power Query, ambayo tangu toleo la 2016 imo ndani ya programu yenyewe na inafanya kwa dakika chache kazi ya kunakili na kubandika niliyokuwa nikiifanya mchana kutwa.

Upande wa pili ulijaa. Debiti na krediti. Urari. Kulinganisha daftari la benki na taarifa ya benki. Kufuatilia ankara isiyo na saini. Kufunga hesabu za mwezi. Kujua kwa kutupia macho tu kwamba tarakimu fulani imekaa vibaya. Niliutazama ukurasa ule muda mrefu. Miaka minane ilikuwa imenichukulia viwango vitatu na ustadi wa programu moja. Hivyo vinasomeka.

Kusoma hakukunigharimu fedha. Matini ya viwango inapatikana bure kwenye tovuti ya taasisi inayovitoa, ukijisajili. Lugha yake ni kavu, na nilisoma kurasa nyingine mara tatu, ila nilipendelea kuanza na maneno yenyewe kabla ya maelezo ya watu. Nilijiwekea saa moja alfajiri kabla watoto hawajaamka. Usaili wa pili, mahali pengine, ulipangwa baada ya wiki tatu.

Siku tisa kabla ya usaili huo niliteleza bafuni nikimwogesha mdogo. Niliudaka mwili kwa mkono wa kulia, na nikasikia mlio. Mfupa ulikuwa umevunjika kwenye kifundo cha mkono. Daktari akanifunga plasta kutoka chini ya kiwiko hadi kwenye vidole, akasema wiki sita, na baada ya hapo mazoezi.

Mhasibu anaishi kwa mkono wake. Tarakimu huwa nazichapa bila kutazama vidole, na vidole vile sasa vilikuwa vimevimba, havikunji. Niliomba usaili usogezwe mbele. Walijibu kwa adabu kwamba hawawezi kusubiri. Kwa siku kadhaa sikufungua daftari. Nilikuwa nimekasirika, na hasira haikuwa na pa kwenda, maana hakuna aliyekosea.

Kilichonirudisha ni lile pango la miaka mitatu. Nililipigia hesabu kwa mkono wa kushoto, kwa penseli, herufi zikiyumba kama za mtoto wa darasa la kwanza. Tuseme kodi ni 100 kila mwisho wa mwaka, miaka mitatu, na riba ni asilimia 10. Ukizirudisha kodi zote tatu kwenye thamani ya leo unapata 249. Hilo ndilo deni la kuanzia, na ndiyo mali. Mali unaichakaza, yaani unaigawa kuwa gharama, kwa miaka mitatu, 83 kila mwaka. Deni linazaa riba: mwaka wa kwanza 25, wa pili 17, wa tatu 9. Ukijumlisha uchakavu na riba, mwaka wa kwanza unabeba gharama ya 108, wa pili 100, wa tatu 92. Jumla ni 300 ile ile ambayo kanuni ya zamani ingetoa, ila uzito umesogea mbele.

Nilipoiona 108, 100, 92 imekaa pale, nikaelewa kwa nini yule mama aliuliza. Hakuwa akinitega. Kampuni inayohama kutoka 100, 100, 100 kwenda 108, 100, 92 itaona faida yake ikipungua mwaka wa kwanza na madeni yake yakiongezeka siku moja, na benki iliyoikopesha itauliza maswali. Alitaka mtu wa kuyajibu. Mkono wa kushoto ulinilazimisha kwenda polepole kiasi kwamba kila mstari niliuelewa kabla ya kuuandika, jambo ambalo kwa mkono wa kulia nisingelifanya.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na mkavu. Nilianza mazoezi ya vidole. Nikaandika upya wasifu wangu, safari hii bila sentensi hata moja ya kuomba radhi: miaka ya kazi, kisha mstari mmoja, "2014 hadi 2023, malezi ya watoto", kisha viwango nilivyojisomea na mifano niliyoikokotoa. Nikampigia pia mwenzangu wa zamani tuliyewahi kukaa meza moja, ambaye sasa anaongoza kitengo cha hesabu. Sikumwomba kazi. Nilimuuliza ni kazi gani mezani pake inayolala kwa kukosa mtu. Alicheka, akasema, "Dada, mikataba ya pango. Tuna rundo, na wakaguzi wanakuja." Tukakubaliana nifike Jumatatu inayofuata tuzungumze.

Jumamosi jioni mama alipiga simu.

Hunipigia kila jioni, na neno lake la kwanza huwa "mwanangu". Siku ile halikutoka. Zilikuja sauti zinazofanana na maneno, kwa mtiririko wake ule ule wa kuongea, ila hazikuwa maneno. Nilimwambia ampe simu mdogo wangu wa kiume anayeishi naye. Nikamwambia: mwambie mama atabasamu. Upande mmoja wa mdomo haukupanda. Mwambie ainue mikono yote miwili. Wa kulia ukashuka. Nikamwambia asisubiri hata dakika, ampeleke hospitali, na aangalie saa ilikuwa ngapi mara ya mwisho mama alipokuwa akiongea vizuri. Saa ile ni muhimu, kwa sababu kama ni kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Mama alifika ndani ya muda. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki dhaifu, na maneno yalikuwa yamempotea.

Jumatatu nilimpigia mwenzangu kumwambia siji. Nilitarajia atasema basi. Akauliza, "Utajua lini unachoweza?" Nikamwambia baada ya mwezi. Nawaambia ukweli, niliona aibu kusema mwezi. Nilitaka kusema wiki moja nionekane mtu wa kutegemewa. Nashukuru kwamba sikusema.

Mwezi ule nilikaa kando ya kitanda cha mama. Mtaalamu wa matibabu ya usemi alinifundisha jambo ambalo sikulijua: kuna maneno tuliyoyarudia maishani hadi yanatoka yenyewe, na mara nyingi kiharusi huyaacha hata kinapochukua mengine. Kuhesabu ni mojawapo. Siku za wiki pia, na nyimbo. Mama hakuweza kutaja jina langu wala la kikombe alichokishika. Lakini nilipoanza "moja, mbili", alidaka "tatu", akaenda peke yake hadi kumi, na macho yake yakajaa machozi kwa kusikia sauti yake. Tukahesabu asubuhi, mchana na jioni. Alihesabu huku akibana mpira kwa mkono wake wa kulia, nami nikibana wangu, maana mkono wangu pia ulikuwa bado unajifunza upya.

Mwezi ulipokwisha nilijua ninachoweza, kwa sababu nilikuwa nimekipima. Wadogo zangu wangegawana jioni na usiku. Mume wangu angechukua watoto asubuhi. Siku mbili kwa wiki mama ana mazoezi kuanzia saa nane mchana, na hizo ni zangu. Nikampigia mwenzangu: naweza siku tano, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, na siku ya kufunga mwezi nitakaa hadi jioni nikiambiwa wiki moja kabla. Zaidi ya hapo siwezi kwa sasa. Alisema mshahara utakuwa wa saa hizo, na cheo kitakuwa chini ya nilichoachia. Niliwaza siku mbili. Cheo kiliniuma, sitaficha. Nikakubali, kwa makubaliano ya maandishi kwamba baada ya miezi sita tutakaa tukitazame upya.

Mikataba ilikuwa 41. Niliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa nilishajifunza kwenda polepole. Mingine haikuhitaji kuingia kwenye mizania kabisa: kiwango kinaruhusu kuacha nje pango la miezi 12 au pungufu, na la vitu vya thamani ndogo. Mingine ilikuwa na kodi inayopanda kila mwaka. Nilijenga jedwali moja kwa kila mkataba na la jumla kwa yote, na asubuhi ya kwanza jumla zilipokubaliana na leja, daftari kuu la hesabu, nilikaa nimeshika kalamu bila kuandika kitu kwa muda.

Wakaguzi walikuja mwezi wa tatu. Kijana mmoja, umri wake karibu na wa mdogo wangu wa mwisho, aliniletea mikataba miwili. "Mama, hii ina kipengele cha kuongeza miaka miwili. Mbona umehesabu mitatu tu?" Niliisoma tena. Kampuni ilikuwa imekarabati majengo yale mawili kwa fedha nyingi. Ilikuwa dhahiri kabisa kwamba haitahama mwaka wa tatu, na kiwango kinasema muda wa nyongeza uhesabiwe pale kuna uhakika wa kutosha kwamba utatumika. Alikuwa sahihi. Nilimwambia hivyo, nikafungua majedwali, nikabadilisha mitatu ikawa mitano, deni likapanda, uchakavu wa mwaka ukashuka, nikamrudishia. Akaweka alama ya tiki, akaenda na faili lingine.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano, siku ya mazoezi ya mama. Nilifunga kompyuta nikaenda kumchukua.