Dari ya bafu la Pompeii
Jamani, Pompeii kuna mengi ya kuona, ila mimi nimeganda kwenye bafu. Ni hamamu ya umma iliyo karibu na uwanja mkuu wa mji huu wa kale wa Warumi, Italia, mji uliofunikwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79.

Chumba cha moto kina dari iliyopinda kama upinde, na lipu yake imechongwa vifereji vinavyoshuka hadi ukutani. Mvuke ukipoa, maji yanafuata vifereji na kuteremka pembeni, hayakudondokei utosini. Mafundi wetu, mpo? Sakafu ilibebwa na vinguzo vifupi vya matofali na kuta zikaachwa na uwazi ndani, ili hewa moto ya tanuri ipite humo. Chumba cha uvuguvugu chenyewe kilipashwa kwa jiko la shaba la makaa tu.

Halafu kuna beseni kubwa la marumaru. Ukingoni, kwa herufi za shaba, yameandikwa majina ya maofisa waliolisimamia na bei yake: sestersi (sarafu za Kirumi) 5,250, pesa za umma. Yaani kila anayenawa anaisoma! Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka.