Dozi ya saa nane usiku baada ya kubadilishiwa goti

Jioni ya siku ya upasuaji, mtu aliyebadilishiwa goti mara nyingi ana hali nzuri kuliko ndugu zake walivyotarajia. Anakunywa uji, anaongea na wajukuu kwenye simu, anasema goti haliumi kabisa. Basi vidonge vya usiku vinaachwa juu ya kabati: ameshalala, tusimwamshe. Alfajiri analia kwa maumivu na ndugu wanaanza kuhofia kwamba goti limeharibika. Goti ni zima. Ganzi imekwisha, na mwilini hamna dawa nyingine iliyokuwa imeanza kazi kabla haijaondoka.

Ili kuzuia hilo, ni lazima ujue kwamba mgonjwa huyo hakupewa ganzi moja. Ya kwanza ni ya uti wa mgongo, ile inayomfanya asisikie chochote kuanzia kiunoni kwenda chini wakati wa upasuaji. Hiyo huondoka baada ya saa mbili hadi nne hivi. Ya pili ni ganzi ya mshipa wa fahamu, ambayo daktari wa usingizi huichoma pajani kwa kuongozwa na altrasaundi. Hii ikiwa ni sindano moja ya dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini, kwa kawaida hudumu saa 12 hadi 24. Mgonjwa akianza kuchezesha vidole vya mguu mchana, ni ile ya mgongo imeondoka. Ya pajani bado ipo. Hapo ndipo watu wanapochanganya, wakadhani hatari ya maumivu imeshapita.

Fanya hesabu. Ganzi ya paja ikichomwa saa nne asubuhi, itaanza kulegea wakati wowote kati ya saa nne usiku na saa nne asubuhi ya kesho yake. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, ukianza saa nane mchana, inaangukia saa mbili usiku, saa nane usiku na saa mbili asubuhi. Dozi ya saa nane usiku ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayohitajika kuliko zote. Weka alamu kwenye simu. Mwamshe mgonjwa hata kama anakoroma. Kidonge cha kumezwa huchukua nusu saa hadi saa nzima kabla hakijafanya kazi, na maumivu yakishapanda juu, dozi ileile ambayo ingeyazuia haitoshi tena kuyashusha.

Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mtu mwenye uzito chini ya kilo 50, au mwenye ini lenye matatizo, apewe pungufu kama daktari atakavyopanga. Dawa nyingi za mafua za dukani zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usichanganye. Juu ya parasetamoli huongezwa dawa ya kupunguza uvimbe, mfano diklofenaki miligramu 50 mara tatu kwa siku baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au ugonjwa wa moyo asiitumie mpaka daktari aseme, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aulize kwanza kwa sababu zikikutana huongeza hatari ya kutoka damu. Tramadoli miligramu 50 ni ya akiba, kwa maumivu yanayopenya licha ya hizo mbili. Huleta kichefuchefu, kizunguzungu na choo kigumu, na haimfai mwenye kifafa. Mpe mgonjwa maji ya kutosha na mboga za majani tangu siku ya kwanza. Kukazana chooni na goti jipya ni mateso.

Sasa kuhusu sindano yenyewe, maana swali la kumuuliza daktari wa usingizi lipo hapa. Zamani ganzi ilichomwa kwenye kinena, kwenye mshipa mkubwa wa fahamu wa paja. Maumivu yalizimika vizuri, lakini msuli wa mbele wa paja nao ulilala. Mgonjwa alisimama, goti likakunjika, akaanguka. Siku hizi wengi huchagua katikati ya paja, kwenye mfereji uliopo chini ya msuli wa satorio, kando ya ateri. Humo hupita mshipa wa fahamu uitwao safenasi ambao kazi yake ni kuhisi tu, hauendeshi msuli. Mililita 15 hadi 20 zinatosha. Dawa ikiwekwa juu mno au ikiwa nyingi mno hupanda hadi kinenani, na paja linalegea kama zamani.

Ganzi hiyo haifiki nyuma ya goti. Mgonjwa anayesema mbele pametulia lakini nyuma panawaka anasema kweli, wala hadeki. Kwa sehemu hiyo kuna sindano ya pili inayowekwa kati ya ateri ya nyuma ya goti na mfupa, au daktari wa upasuaji mwenyewe hunyunyizia ganzi kuzunguka goti kabla ya kushona. Muulize daktari wako: nyuma ya goti mtapafanyaje?

Lipo jambo la kuangaliwa hapa kwa makini. Kiwango cha juu cha bupivakeini kinachotumika sana ni miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 120. Bupivakeini ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 kwa kila mililita. Mililita 20 pajani na 20 nyuma ya goti zimeshafika miligramu 100. Daktari wa upasuaji akiongeza mililita 50 za dawa hiyohiyo bila kuulizana na mwenzake wa usingizi, kiwango kimepitwa mbali. Kwa hiyo uzito wa mgonjwa upimwe kwenye mizani, usikadiriwe kwa macho. Dalili za dawa kuzidi ni ganzi kuzunguka mdomo, ladha ya chuma ulimini, masikio kuvuma, kuweweseka, kisha degedege au moyo kusimama. Mgonjwa akiona dalili hizo za mwanzo aseme palepale. Dawa ya kuokoa ni dripu ya mafuta ya asilimia 20, na inapaswa kuwa karibu na mahali ganzi inapochomwa.

Kabla ya kusimama mara ya kwanza, mgonjwa ajaribu akiwa kitandani: ainue mguu uliofanyiwa upasuaji ukiwa umenyooka na aushike juu kwa sekunde 5. Akishindwa, asisimame bila watu wawili na fremu ya kutembelea. Wakati ganzi bado inafanya kazi ndio wakati mzuri wa kuanza mazoezi: kukunja na kukunjua kifundo cha mguu mara 10 kila saa, na kukaza msuli wa paja kwa sekunde 5 huku goti likisukumwa kwenye godoro. Mto uwekwe chini ya kisigino, usiwekwe chini ya goti. Goti linalolazwa likiwa limekunjwa linazoea hivyo, na kulinyoosha baadaye kunauma kuliko mkato wenyewe.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna hatari nyingine ambayo karatasi za hospitali huwa haziitaji. Juni na Julai, baridi ya Makete, Njombe au Uyole inawafanya watu wasogeze jiko la mkaa kitandani na kuweka chupa ya maji ya moto miguuni. Mguu wenye ganzi hausikii kuungua. Ngozi inababuka na mgonjwa hana habari. Tumia soksi na blanketi, na jiko la mkaa lisilale chumbani kwa vyovyote, kwa sababu hewa yake inaua. Kukanda goti kwa maji ya moto nako kuachwe: joto huongeza uvimbe na maji hulowesha kidonda. Kinachosaidia ni ubaridi. Maji yaliyogandishwa kwenye vifuko vidogo vya plastiki, yakafungwa ndani ya kanga kavu, yawekwe dakika 15 hadi 20, kisha utoe na uangalie ngozi. Usiyaweke moja kwa moja juu ya ngozi yenye ganzi.

Aliyefanyiwa upasuaji MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam ana safari ya zaidi ya kilomita 800 kurudi Mbeya. Asisafiri mpaka daktari aruhusu. Siku ya safari ameze dawa saa moja kabla ya basi kuondoka, abebe dozi za njiani mkononi badala ya kuziacha kwenye buti, akae kiti cha pembeni mwa njia ili mguu unyooke, na achezeshe kifundo muda wote.

Arudi hospitali haraka kama shavu la mguu limevimba na kuuma, kama anakosa pumzi, ana homa, kidonda kinatoa usaha, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yanaanza kupanda upya. Pia kama siku mbili zimepita na bado hawezi kuinua unyayo juu.

Ganzi moja tu haina haja ya kukimbiziwa hospitali: eneo la ngozi upande wa nje wa kovu. Vijishipa vidogo vya fahamu hukatwa pale wakati goti linafunguliwa, na kwa wengi sehemu hiyo haihisi tena kama zamani. Daktari akisharuhusu kupiga magoti, kanisani au shambani, weka kitu laini chini, na baadaye kagua ngozi kwa macho, maana jiwe likikuchoma hapo huenda usisikie.