Nilivyong'arisha kabureta ya pampu, na nilipokosea kwanza

Tatizo lilianza dogo: pampu ilikuwa inamisi, yaani injini inakatakata. Ni pampu ya kawaida ya inchi 2, injini ya muundo wa Honda GX160, cc 163, ninayovutia maji ya nyanya na mistari michache ya zabibu huku Hombolo. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo umeanza, na vumbi la Dodoma mnalijua, halina adabu. Fundi wa kwanza akasema jeti ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imeziba, na kweli ilikuwa imeziba. Akaichokoa kwa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Injini ikanguruma vizuri, nikalipa, nikaondoka nimefurahi.

Wiki haikuisha pampu ikawa inakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika lamboni. Kidumu cha lita 5 kilichokuwa kinanisukuma muda wa saa tatu na zaidi kikawa hakifiki hata saa mbili. Moshi mweusi. Plagi ukiifungua, masizi matupu.

Jeti ni kitu kidogo cha shaba chenye tundu la kupitisha mafuta, na tundu lenyewe halifiki hata milimita 1. Waya wa chuma ni mgumu kuliko shaba, ukiuzungusha mle ndani unakwangua na tundu linapanuka. Isitoshe sisi tuko juu, Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini iliyokwisha kupata hewa pungufu ukiiongezea mafuta, unaibania pumzi.

Nikaona bora ninunue kabureta nzima, ya kuiga, shilingi 25,000. Nilipoifungua nikakuta koo lake, yaani njia ya hewa, lina makovu ya kiwandani, mikunjo ya alumini hovyo hovyo. Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoamka. Niliwahi kuona vijana wa bodaboda wakisugua koo la kabureta mpaka linang'aa, wakiapa kwamba pikipiki inaongeza mbio. Nikakaa jioni mbili na msasa wa maji, namba 400, kisha 800, kisha 1,500, nikamalizia na Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Nilijiona meno mle ndani.

Matokeo? Hakuna. Tena asubuhi za baridi za mwezi wa saba nilivuta kamba mpaka bega likauma, na petroli ilikuwa inadondoka chini ya kabureta hata injini ikiwa imezimwa.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi mitambo, alinikuta nimekaa juu ya ndoo nimechoka. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika kabureta na kuchungulia koo.

"Mwanangu, umepaka rangi ukuta, mlango unavuja."

Alinieleza kwamba petroli ikigonga ukuta unaoteleza kama kioo, hasa injini ikiwa ya baridi, inajikusanya na kutambaa kwa matone badala ya kuchanganyika na hewa. Makovu makubwa ni sawa kuyaondoa, ila kioo hakihitajiki. Nikarudishia msasa wa 320, ukuta ukabaki na ukwaru kidogo.

Mlango aliousema ni kiti cha sindano, pale boya linaloelea kwenye bakuli la mafuta linaponyanyua sindano ili kukata mafuta. Nikafunga koki ya tangi, nikafungua bakuli kwa spana namba 10, nikachomoa pini ya boya, sindano ikatoka. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kulikuwa na duara la uchafu mweupe na mchubuko mwembamba. Mzee akaniambia nifunge pamba kwenye njiti ya kiberiti, niitie Brasso kidogo, niizungushe kwa vidole tu. Drili marufuku, maana kiti hicho kimeshindiliwa mle na hakibadiliki. Nikazungusha, nikafuta, nikamulika, nikarudia mpaka duara likawa safi lote. Kisha nikaosha kwa petroli na kupuliza kwa pampu ya baiskeli kila njia, kwa sababu chembe ya Brasso ikibaki ndani umejiletea kazi nyingine.

Kupima ni rahisi na kunapendeza. Unarudisha sindano na boya, unageuza kabureta juu chini ili uzito wa boya ufunge, kisha unapuliza kwenye mdomo wa mpira wa mafuta. Kama hewa haipiti, umeshinda. Yangu ilikataa pumzi yangu yote.

Uso wa kabureta unaokaa kwenye injini nao ulikuwa umepinda, kazi ya kukaza nati kwa hasira. Nikalaza msasa kwenye kipande cha kioo cha dirisha, nikausugua uso huo juu yake taratibu kwa mzunguko wa namba nane mpaka ukagusa kote. Gasketi mpya, basi.

Nilikwenda mjini kuchukua jeti mpya ya namba ileile ya kiwandani, shilingi 3,000, kwa sababu iliyokuja na kabureta sikuiamini. Plagi sasa ina rangi ya ganda la karanga, kidumu kimerudi kwenye saa zake, na sponji ya kuchuja hewa naifua kila Jumamosi.

Ile jeti iliyochokolewa ninayo. Nimeifunga kwenye ufunguo wa banda la pampu, na kila fundi akitoa waya mfukoni namwonyesha.